Mgeni Tumpe Jembe, Mavuno Yabaki Kwetu

Hotuba ya Kamati ya Afya kwa wanachama na wageni waalikwa, chakula cha hisani cha mwaka, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa chama chetu, viongozi wa dini, wazee wetu, kina mama, vijana, na ndugu zetu wote wa Ulanga: mlioko hapa Dar es Salaam na mliosafiri kutoka Mahenge, Lupiro, Mwaya na kwingineko ili tukae meza moja.

 

Kwa kawaida kamati yetu husimama hapa kuomba mabati, magodoro ya wodi au mafuta ya gari la wagonjwa. Leo tunaomba kitu ambacho hakina utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Tunaomba fedha za kuwawezesha vijana wetu wanaosomea uuguzi wafanye utafiti nyumbani, bega kwa bega na wanafunzi wenzao wanaotoka ng'ambo. Tunajua neno "utafiti" likitajwa, wapo wanaoangalia saa. Tunaomba mtuvumilie kidogo.

WAGENI HAWA NI AKINA NANI

Wengi wenu mkienda likizo mmewaona. Vijana wa miaka ishirini na kitu, mabegi mgongoni, madaftari mkononi, wanapita nyumba hadi nyumba wakiongozana na mhudumu wa afya wa kijiji. Watoto wanawaita madaktari, nao si madaktari. Ni wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uuguzi kutoka vyuo vya Ulaya na Amerika Kaskazini. Wapo kati yao wanaotumwa kukaa wiki kadhaa katika nchi nyingine, na wanachotafuta si kujifunza kufunga vidonda tu. Wanakuja kujifunza kutafiti: kuuliza swali linalojibika, kuchagua nyumba za kutembelea bila upendeleo, kuomba idhini, kusikiliza, kuandika walichosikia badala ya walichotarajia kusikia, kisha kujumlisha na kueleza.

Mtu anaweza kuuliza: muuguzi na utafiti, wapi na wapi? Tumkumbuke Florence Nightingale, ambaye kila muuguzi humsoma darasani. Mwaka 1854 alitoka Uingereza na wauguzi wenzake akaenda Scutari, kwenye mji wa Istanbul, kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Watu wengi wanamjua kwa ile taa aliyotembea nayo usiku wodini. Lakini alikuwa pia mtu wa hesabu. Alipanga takwimu za vifo, akaonyesha kwamba magonjwa yaliua askari wengi kuliko majeraha ya vita, na mwaka 1858 akatoa michoro ambayo hata mkubwa asiye na subira angeielewa kwa kuitazama. Takwimu hizo zilisaidia kubadilisha afya ya jeshi zima. Naye alizikusanya ugenini, mbali na kwao, kama wanavyofanya vijana hawa tunaowaona.

KWETU SI WAGENI WA JAMBO HILI

Wilaya yetu na majirani zetu wa Kilombero tuna historia ndefu ya utafiti. Mwaka 1956 wataalamu kutoka Basel, Uswisi, walianzisha maabara ndogo pale Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, inayoongozwa na Watanzania wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Mwenye kifafa alitengewa sahani na kikombe kwa kuogopwa mate yake. Akianguka karibu na moto, wapo waliosita kumgusa. Daktari yule alitibu, na pia aliandika. Aliandika kuhusu watoto ambao kichwa huinama na kuinuka, huinama na kuinuka, hali ambayo kwetu husemwa "amesinzia kichwa". Miongo kadhaa baadaye, watoto wenye hali kama hiyo walipoonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, wataalamu walirudi kuyasoma yaliyoandikwa Mahenge. Leo watafiti wanahusisha kifafa cha maeneo kama yetu na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Kwa hiyo dawa ya usubi inayogawiwa vijijini kwetu huenda inawakinga watoto na mengi kuliko upofu na muwasho wa ngozi.

Halafu kuna vyandarua. Kuanzia mwaka 1996 kaya za baadhi ya vijiji vya Kilombero na Ulanga zilihesabiwa, kisha zikawa zinatembelewa kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mwaka uliofuata vikaanza kuuzwa vile vyandarua vya "Zuia Mbu" ambavyo baadhi yenu mlivinunua. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Vyandarua vilivyotiwa dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mafunzo yaliyopatikana kwetu yalisaidia kuandaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo uliofuata mwaka 2004, ambao mama mjamzito alipewa hati kliniki akanunulia chandarua kwa bei nafuu.

Ndugu zetu, nyuma ya asilimia 27 hiyo wako mama zetu na dada zetu. Ni wao waliotoka jikoni wakakaa kwenye kigoda kujibu maswali yale yale kila baada ya miezi minne, wengine wakieleza habari za mtoto waliyemzika. Utafiti ule ni mali yao kama ulivyo mali ya waliouandika.

KIJIJI NI DARASA

Mwanafunzi wa ng'ambo anajifunza nini kwetu ambacho kitabu hakimpi? Tutatoa mifano mitatu ambayo kila mtu wa kwetu ataitambua.

Mfano wa kwanza. Mwanafunzi anafika mwezi wa Machi akiwa na orodha ya kaya. Anataka kujua watoto wangapi wanalala ndani ya chandarua. Anabisha hodi, mlango umefungwa. Anaandika "hawapo", anakwenda nyumba ya pili. Mwenyeji anayeijua nchi atamwambia: hawa hawajahama, wako bondeni wanalinda mpunga, wanalala kwenye dungu hadi mavuno. Akiwahesabu waliobaki kijijini tu, atapata walimu, wenye maduka na wazee. Atarudi kwao na jibu zuri kwenye karatasi, lakini watoto walioko shambani, karibu na maji na mbu na mbali na zahanati, hatakuwa amewaona hata mmoja. Hilo ndilo somo la kuchagua sampuli, na bonde letu hulifundisha vizuri kuliko ubao.

Mfano wa pili ni lugha. Mwanafunzi anauliza kwa mkalimani: "Mtoto wako aliugua malaria mwaka huu?" Mama anajibu hapana. Dakika kumi baadaye, katika mazungumzo mengine, anasema mwanawe alipata degedege, akakakamaa, macho yakageuka, wakampeleka kwanza kwa mganga wa jadi. Mama hakusema uongo. Kwake malaria ni ile homa ya kawaida ya kwenda kuchukua dawa, na degedege ni jambo lingine. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliliona hilo na kuliandika. Dodoso lililotungwa ng'ambo na kutafsiriwa neno kwa neno lingempita mama huyu, na mtoto wake angeandikwa mzima.

Mfano wa tatu ni idhini. Mama wa kwetu hamkatalii mgeni. Atampa kigoda, atamkaribisha maji, atajibu hata swali asilolipenda, kwa sababu amelelewa hivyo. Kwa hiyo "ndiyo" yake ya kwanza haitoshi. Mwanafunzi anafundishwa aseme wazi, na aseme polepole: ukikataa, huduma yako ya zahanati haitapungua, ukichoka katikati, tutaacha, jina lako halitaandikwa. Na anafundishwa kutazama. Mama akianza kujibu kwa mkato huku anaangalia njiani, amekwisha kusema hapana kwa adabu. Muuguzi anayejifunza kuisoma hapana ya namna hiyo atakuwa muuguzi bora popote, Mahenge au Ulaya.

Tazameni vizuri mifano hiyo. Katika kila mmoja, mgeni ameokolewa na mwenyeji. Bila mtu wa kwetu pembeni yake, angekosea hesabu, angekosea neno, angekosea adabu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii mgeni naye anapona kwa mwenyeji.

MAVUNO YANAKWENDA WAPI

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu tumewapa jembe, na wamelima kwa bidii, hatuwasemi vibaya. Lakini mavuno yakiiva, huondoka nayo yote.

Katika ziara ya kamati vijijini, mama mmoja alituuliza: "Wale watoto wa kizungu walioniuliza habari za uzazi wangu, walikipata walichokuwa wanatafuta?" Tukauliza ofisi ya kijiji, tukauliza zahanati. Hakuna karatasi iliyorudi. Kwa hakika ripoti iliandikwa, ikasahihishwa, ikapewa alama, na leo imo kwenye kabati la chuo fulani ng'ambo. Mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye angeweza kuitumia kesho asubuhi, hajawahi kuiona.

Upande wa pili wa jambo hili ni watoto wetu. Shahada ya uuguzi hapa nchini ni miaka minne, na mwanafunzi hufanya kazi ya utafiti kabla ya kumaliza. Tunao vijana wa Ulanga katika vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mwanza. Tuwaulize wamefanyia wapi utafiti wao. Wengi watataja hospitali iliyo jirani na chuo. Si kwamba hawaipendi nyumbani. Nauli ya kwenda Mahenge na kurudi, karatasi za madodoso, bodaboda ya kuwafikisha vitongojini, chakula cha wiki tatu: hayo yote yanatoka mfukoni kwa mzazi ambaye bado anadaiwa ada. Kwa hiyo kijana wa ng'ambo anafadhiliwa kuja kukijua kijiji chetu, na kijana wa kijiji hicho hicho anakosa nauli ya kurudi kukichunguza.

Hilo ndilo tunalotaka libadilike. Hatusemi wageni wasije. Tunasema waje, lakini kila mmoja amkute mwenzake wa kwetu, mwanafunzi kama yeye na si mkalimani wa kubebeshwa begi. Watunge dodoso pamoja, waende dunguni pamoja, wakae usiku kulinganisha madaftari. Wa kwao atajifunza kwa wa kwetu maana ya degedege. Wa kwetu atajifunza kwa wa kwao programu za kuchambua takwimu ambazo pengine chuo chake kina kompyuta chache za kuziendesha. Majina yote mawili yaandikwe kwenye ripoti.

UTARATIBU UKO UPANDE WETU

Msidhani tunaomba upendeleo. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka mshiriki wa utafiti apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Hapa kwetu ipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, inayopima kama utafiti wa afya unafuata maadili. Ipo pia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambako mtafiti wa kigeni huomba kibali. Kibali cha NIMR huja na masharti, likiwemo la kupeleka taarifa kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya.

Kwa hiyo utaratibu unaifikisha taarifa wilayani. Kutoka wilayani hadi kitongojini, hadi kwenye kigoda cha yule mama aliyetuuliza, hapo hakuna anayelipia mafuta. Kipande hicho cha barabara ndicho tunachowaomba tukijenge sisi.

TUNACHOOMBA

Kamati inapendekeza mambo manne, na mchango wenu wa leo utakwenda huko.

La kwanza, nauli na posho ya kujikimu kwa wanafunzi wetu wa uuguzi wa mwaka wa mwisho watakaokubali kufanya utafiti Ulanga. Watachaguliwa kwa barua ya chuo na swali la utafiti walilolizungumza na mganga mfawidhi wa zahanati husika, ili wachunguze jambo ambalo zahanati inalihitaji. Kwa nini wenye kifafa wanaacha dawa. Kwa nini kuna kaya hazimezi dawa ya usubi siku ya kugawa. Kina mama wajawazito walioko madunguni wanafikaje kliniki. Maswali tunayo ya kutosha.

La pili, gharama za madodoso, madaftari na usafiri wa vitongojini, zitumike na jozi nzima: mgeni na mwenyeji.

La tatu, mkutano wa mrejesho. Kila utafiti ukimalizika, matokeo yasomwe kijijini kwa Kiswahili chepesi, kwenye mkutano wa hadhara, mwenyekiti wa kijiji akiwepo na kina mama wakiruhusiwa kuuliza na kupinga. Wakati mwingine wao ndio watakaosema, "Hapa mmekosea," na ripoti itakuwa bora zaidi.

La nne, kabati moja lenye kufuli katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya pale Mahenge, na faili katika kila zahanati iliyohusika, ambamo nakala za ripoti zitatunzwa. Kijana atakayekuja baada ya miaka kumi asianze upya. Asiende kuwauliza mama wale wale maswali yale yale ambayo yalikwisha kujibiwa.

Wapo kati yetu wanaosema: watu wa kijijini wanahitaji dawa, hawahitaji maswali. Tunawaheshimu, maana wanasema kwa huruma. Lakini chandarua kilichotiwa dawa kilikubalika nchini kwa sababu kuna mtu aliuliza, akahesabu, akaonyesha. Mwenye kifafa aliacha kutengewa kikombe pale mtu alipokaa Mahenge muda wa kutosha kuonyesha kwamba dawa inasaidia na mate hayaambukizi. Na bado wapo vijijini wanaoogopa hadi leo, hiyo kazi haijaisha. Dawa tutaendelea kuchangia. Tunaomba pia tuchangie kujua ni dawa gani, inamfikia nani, na nani anaikosa.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kijana akishajua utafiti ataondoka, ataajiriwa mjini au ng'ambo. Baadhi wataondoka. Sisi wenyewe tuliomo ukumbini tuliondoka, tukavuka Kilombero kwa pantoni kabla daraja halijajengwa, na leo tuko hapa na mabahasha mfukoni kwa ajili ya nyumbani. Aliyewahi kukaa dunguni na daftari, akaambiwa na mama wa watu habari za mtoto wake, haisahau Ulanga kirahisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zetu, ahadi yetu kwenu ni hii. Kila atakayechangia leo, jina lake litaandikwa, na mwakani kamati itasimama hapa hapa kusoma matumizi yote, shilingi kwa shilingi, pamoja na matokeo ya utafiti wa kwanza. Anayeweza kumlipia mwanafunzi mmoja safari nzima, tunamkaribisha. Anayeweza kutoa shilingi 10,000 kila mwezi, atakuwa ametusaidia kupanga vizuri zaidi kuliko anayetoa nyingi mara moja na kusahau. Asiye na fedha leo lakini ana binti au kijana anayesomea uuguzi, atupe jina lake kabla ya kutoka ukumbini.

Na yule mama aliyetuuliza tumemwahidi jibu. Tusaidieni tumpelekee.